Baada ya Jina la Mia Tatu

Kisangani, 9 Februari 1988

Mdogo wangu Émile,

Mashine imefika salama. Boti ilikwama siku nne kwenye mchanga chini ya Bumba, nikawa nawaza mvua tu, lakini sanduku lilikuwa kavu, na magazeti uliyoyasokomeza pembeni bado yanasomeka. Tuliitoa bandarini kwa mkokoteni, mimi nikisukuma, shemeji yako Marthe akitembea ubavuni na mkono juu ya sanduku kama anayesindikiza bibi harusi.

Daktari Léon aliita ofisi nzima. Nilifuata karatasi yako hatua kwa hatua, nikabonyeza, kioo kikawaka kijani. Halafu Célestin, karani wetu, akauliza, "Bon, sasa inajua nini?" Nikamwambia haijui kitu, tutaifundisha.

Kijijini kwetu Yanonge nako habari zimefika. Tonton Henri alisimama kanisani baada ya matangazo akasema yule mtoto wa marehemu Bosongo amefunga ordinateur, yaani kompyuta, kwa mikono yake mwenyewe huko Kinshasa, kipande kwa kipande. Mama mmoja akauliza kama inaponya. Wakacheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu kwa namna fulani inaponya. Unajua kazi yetu: mgonjwa wa malale akimaliza sindano lazima tumwite tena kila miezi sita, kwa miaka miwili, tumpime maji ya mgongo. Tusipomwita, ugonjwa unarudi kichwani kimyakimya mpaka mtu analala moja kwa moja. Daftari zetu zimeliwa na mchwa. Mashine itakumbuka nani wa kuitwa.

Kitu kimoja tu. Jana, baada ya saa mbili za kazi, iliganda. Kile kialama kinachopepesa kwenye kioo kilisimama, vibonye vikawa kama mawe. Nilizima, nikawasha, ikaamka kama kawaida, ila majina yote ya asubuhi yalikuwa yamekwenda. Leo tena vilevile. Niambie nifanye nini.

Nakuandikia kwa Kiswahili, nawe nijibu hivyohivyo. Marthe ni mtu wa Kindu, Kifaransa hakisomi, na mimi nusu ya mwezi niko kwa wagonjwa Opala na Isangi. Barua ikinikosa aisome yeye. Kwenye bahasha weka Citoyen Lifoli, jina la kienyeji, kama serikali inavyotaka. Ndani niite nilivyobatizwa.

Msalimie mkeo Françoise. Tumbo linaendeleaje?

Kaka yako,
Hilaire


Kinshasa, 27 Februari 1988

Yaya Hilaire,

Barua yako, kaka yangu, nimeisoma mara tatu. Nilimsomea Françoise ile ya tonton Henri kanisani, akacheka mpaka akashika tumbo. Mimi nilitoka nje kidogo.

Kuhusu kuganda, usiogope. Mashine mpya ni kama mtoto mchanga, ina homa zake. Nadhani ni umeme. Wa kwenu unapanda na kushuka kama mtu anayepumua vibaya. Tafuta kipimo, upime kwenye tundu la ukuta asubuhi, saa sita na jioni, uandike. Je, friji ya dawa imechomekwa kwenye mstari uleule? Friji ikianza kunguruma inavuta umeme wote, mashine inazimia. Iondoe hapo. Kama kuna mtu mwenye régulateur, lile sanduku la kutuliza umeme, liazime.

Na kila baada ya majina ishirini, hifadhi kwenye disketi. Usingoje mwisho wa ukurasa.

Hapa patron, mwenye karakana, ananiita ingénieur mbele ya wateja sasa. Ni kwa sababu ya mashine yako, ya kwanza niliyoifunga kuanzia ubao mtupu. Mtoto tunamngoja mwezi wa nne mwishoni.

Mdogo wako,
Émile


Kisangani, 20 Machi 1988

Émile,

Nimefanya yote. Asubuhi volti 215, saa sita 200, jioni 185. Friji tumeihamishia chumba cha Daktari Léon, ambaye sasa anapokea wageni akiwa ameegemea chanjo. Régulateur nimeazima kwa mapadre wenye kiwanda cha uchapaji. Iliganda. Jumapili nikaiunga kwenye groupe, jenereta ya mafuta, mbali kabisa na umeme wa mji. Iliganda.

Kwa kuwa mashine sizijui, nimefanya ninavyofanya kwa mgonjwa: nimechukua daftari, nimeandika kila homa na yaliyotangulia. Majuma matatu. Nikasoma tena, nikaona kitu. Joto halihusiki. Saa haihusiki. Orodha ikiwa na majina mia moja, mashine inafanya kazi siku nzima bila tatizo. Ikiwa na mia mbili, vilevile. Ikipita jina la mia tatu, haimalizi robo saa. Kila mara, Émile. Kwako wewe hii ina maana?

Nakuuliza kwa haraka kwa sababu kuna mama mmoja wa Opala, anaitwa Odile. Alikuwa katika majina yaliyopotea siku ya kwanza. Alipaswa kuitwa mwezi huu. Nilimkuta kwa bahati tu, nikipita kwenda nyumba nyingine: amekaa kando ya moto saa nne asubuhi, kichwa kifuani, sufuria inaungua mbele yake. Tumemrudisha kwenye sindano. Tutaona.

Marthe anasema umekonda katika picha uliyotuma. Mimi sikuona.

Hilaire


Kinshasa, 3 Aprili 1988

Yaya,

Pasaka njema kwenu nyote.

Umefanya kazi nzuri na ile daftari. Mafundi wengi hawafanyi hivyo. Lakini mimi bado nafikiria joto. Orodha ikiwa ndefu mashine inafikiri zaidi, na ikifikiri zaidi inapata moto. Fungua kifuniko cha juu, pangusa vumbi kwa brashi kavu, hakikisha feni ya nyuma inazunguka na haijazibwa na ukuta. Weka feni nyingine ya mezani ielekee ndani.

Wakati huohuo fanya hivi: kata orodha. Yanonge peke yake, Opala peke yake, Isangi peke yake, kila moja katika disketi yake. Usiruhusu hata moja ipite majina mia mbili. Ukifanya hivyo nadhani utakuwa na amani.

Ukifungua, usiguse vile vipande vyeusi vilivyopangwa safu upande wa kushoto. Miguu yake ni laini, inavunjika upesi.

Namuombea huyo mama wa Opala.

Émile


Kisangani, 24 Aprili 1988

Mdogo wangu,

Siku kumi na moja bila kuganda. Nimekata orodha kama ulivyosema, na sasa kila asubuhi Célestin anatoa karatasi ya wagonjwa wa kuitwa juma hilo, anaikunja, anapanda baiskeli. Daktari Léon amesema angekuwa na uwezo angekuajiri leo. Mama Odile amefumbua macho vizuri, ametuuliza nani alikula samaki wake.

Sasa sikia lingine. Juma lililopita alikuja mjumbe mpya wa Chama, Citoyen Loyibi. Ameona mashine. Kwa sherehe za Chama za tarehe 20 Mei anataka orodha ya wanachama wote watakaopita kwenye gwaride la défilé, majina elfu mbili, katika orodha moja, kwa mpangilio wa herufi, ya kusomwa kwenye haut-parleur, vile vipaza sauti vya uwanjani. Nilimwambia kwa heshima kwamba mashine bado ni mgonjwa, haivumilii orodha ndefu. Akasema, "Inafanyia kazi wagonjwa, lakini Chama haiwezi kukifanyia kazi?" Chumba kizima kilitazama chini.

Orodha hiyo haiwezi kukatwa vipande, Émile. Nimejaribu kumweleza, anasema orodha ya Chama ni moja kwa sababu Chama ni kimoja.

Kwa hiyo nakuuliza kama kaka. Kama kuna kitu kingine unachokijua, au hata unachokidhania tu, niandikie. Nitafungua mwenyewe. Mkono wangu hautetemeki, nimechoma sindano za mgongo miaka kumi na minane. Barua hii anaileta mwalimu Sébastien kwa ndege. Mpe jibu anaporudi.

Hilaire


Kinshasa, 4 Mei 1988

Yaya Hilaire,

Mtoto amezaliwa tarehe 28, msichana. Tumempa jina la mama yetu, Augustine. Françoise ana nguvu.

Mwalimu Sébastien anangoja nje na teksi, kwa hiyo nasema kwa ufupi. Kataa kazi ile. Sema mashine imekufa. Nyuma, karibu na waya wa umeme, kuna fyuzi, kichupa kidogo cha kioo. Itoe, uitie mfukoni, mashine haitawaka tena, na hakuna atakayejua. Baada ya sherehe utairudisha.

Usijaribu orodha ile. Siwezi kueleza yote kwa barua. Tafadhali, yaya.

Émile


Kisangani, 16 Mei 1988

Émile,

Mwambie Augustine karibu. Marthe amelia kidogo kwa ajili ya jina, maana mama alimpenda sana.

Sébastien alichelewa kupata nafasi kwenye ndege. Barua yako imenifikia jana, na orodha niliwapelekea juzi. Hata ingewahi nisingefanya hivyo. Kutoa fyuzi, nikamdanganye mjumbe wa Chama usoni? Nina watoto watatu.

Basi imekwisha. Célestin alikuwa anasoma majina, mimi napiga. Iliganda mara tisa. Kila ishirini nilihifadhi kama ulivyonifundisha, kwa hiyo kila mara tulipoteza machache tu. Kurasa arobaini na moja. Nilipitia za mwanzo na za mwisho. Za katikati macho yalikuwa yamechoka, nadhani nimefikia umri wa miwani. Citoyen Loyibi aliipokea, akaipima uzito mkononi, akasema ni kazi safi. Sikumpenda, lakini nilifurahi.

Sasa uniambie: kitu gani hicho kisichoelezeka kwa barua? Tumeandikiana tangu ulipokuwa internat, ile shule ya bweni, hata yale ya aibu.

Kaka yako,
Hilaire


Kisangani, 23 mwezi wa tano 1988

Semeki Émile,

Ni mimi Marthe naandika. Kiswahili yangu ni ile ya nyumbani, utanivumilia.

Hilaire iko ndani ya gereza toka siku ya tatu ya juma lililopita. Siku ile ilikuwa mazoezi ya défilé. Walikuwa wanasoma majina ku haut-parleur, watu wote wamesimama ku mustari. Wakafika ku jina ya Citoyen Loyibi mwenyewe. Yule wa kusoma alisoma vile iliandikwa: Moyibi. Unajua ile neno ku Lingala. Mwizi. Watu walicheka, Semeki. Uwanja muzima. Yule akafikiri hakusikika muzuri, akasoma tena. Wakacheka kupita ile ya kwanza. Mimi nilikuwa ku mustari ya wanamama, na mimi nilicheka. Sikujua ni karatasi ya bwana yangu.

Watu wa usalama walikuja ofisini mbele ya saa sita. Walisema ni sabotage, ni hujuma, ametukana Chama kwa mashine. Walimuuliza nani alifunga ile mashine. Hilaire akasema aliuziwa na muzungu mumoja mwenye alisharudi Ulaya. Jina yako hakutaja. Daktari Léon alisikia, akanyamaza. Watoto nimewaambia wasiseme kama wana tonton, baba mudogo, Kinshasa.

Usikuje. Usiandike ku ofisi. Tuma kwa Célestin, kwake nyumbani.

Napeleka chakula kila siku. Wananiachia kumuona kidogo. Hajapigwa sana, anasema hivyo. Lakini kila mara ananiambia maneno moja: "Marthe, L na M ziko karibu ku ile klaviye ya vibonye. Labda ni kidole yangu." Anatazama mikono yake. Mutu wa kuchoma sindano, sasa anatazama mikono yake.

Semeki, ni wewe unajua hii mashine. Ni mashine ao ni mukono yake? Uniambie tu ile ya kweli.

Marthe


Kinshasa, 5 Juni 1988

Semeki Marthe,

Ni mashine. Si mkono wake. Msomee sentensi hii kabla ya nyingine zote.

Ndani ya mashine kuna vipande vidogo vyeusi, vina miguu kama ya mende, vimepangwa safu. Ndivyo vinavyoshika kila kinachoandikwa kabla hakijaenda kwenye disketi. Mwezi wa kwanza, nilipokuwa navibana kwenye ubao, nilikuwa na haraka, boti ilikuwa inaondoka kesho yake, nikavunja miguu ya vipande viwili. Vipya sikuvipata popote Kinshasa. Nikachomoa viwili kwenye mashine ya mteja iliyoungua, nikavitia. Viko katika safu ambako orodha ndefu tu ndiyo hufika. Nilivijaribu. Mara nyingi vinashika. Mara nyingine vinaachilia, na hapo ama mashine inaganda, ama herufi moja inageuka kuwa jirani yake. Katika hesabu ya mashine, baada ya L inakuja M.

Kuna lililo baya zaidi. Mashine hii inajua kulalamika yenyewe. Kumbukumbu ikikosea, inaandika neno kwenye kioo kabla ya kusimama, na fundi anajua pa kutazama. Kuna swichi ndogo ya kuinyamazisha. Niliizima. Nilitaka ikifika kwenu iwake tu, watu waione.

Yaya aliponiandikia habari ya jina la mia tatu, nilijua. Alikuwa ameupata ugonjwa peke yake, kwa kalamu na daftari, na mimi nikamtuma apanguse vumbi.

Kila barua niliianza na ukweli, nikaichana. Haikuwa kwamba namwogopa. Nilijua angesamehe siku hiyohiyo. Sikutaka kusamehewa. Nilitaka kuwa yule mtu waliyemtaja kanisani.

Karatasi ya pili humu ndani ni ya wakubwa. Nimeiandika kwa Kifaransa, nimetia sahihi jina langu lote na mahali ninapokaa. Inasema fundi ni mimi, kosa ni langu, na Citoyen Lifoli hakujua kitu. Ipelekeni mara moja. Françoise anajua. Ameshanifungia nguo.

Émile


Kinshasa, 30 Julai 1988

Semeki Marthe,

Karibu majuma manane sijapata neno. Nguo zangu bado zimefungwa. Hakuna aliyekuja kunichukua. Kila gari likipunguza mwendo mbele ya karakana naweka bisibisi chini, nanawa mikono, nangoja. Linapita.

Barua ilifika? Karatasi ilipelekwa? Niandikie hata mstari mmoja kwa mkono wa Célestin. Kama yaya amekataa kuniandikia, sema hivyo tu, nitaelewa.

Augustine anacheka sasa.

Émile


Kinshasa, 20 Septemba 1988

Yaya Hilaire,

Leo asubuhi mama Clémence, yule muuza kitambaa anayepanda na kushuka na boti, amepita karakana akaniambia amesikia huko kwenu Makiso kwamba nesi wa malale alitoka mwezi wa nane, yuko nyumbani. Niliketi chini, yaya, hapo hapo kwenye sakafu, katikati ya redio za watu.

Sijui kama utasoma barua yangu. Nadhani umekasirika na ndiyo maana hakuna jibu. Una haki. Sitaandika habari ya msamaha humu. Nitaandika habari ya mashine, kwa sababu hilo ndilo nililopaswa kukuandikia mwezi wa pili.

Katika bahasha kuna karatasi ya rangi ya fedha ya pakiti ya sigara, na ndani yake vipande vinne. Vipya. Nimevipata kwa mtu aliyetoka Brazzaville, nimevijaribu siku sita. Viwili ni vya kutia, viwili ni vya akiba. Fungua kifuniko. Shika kwanza chuma cha sanduku kwa mkono wote. Safu ya pili kutoka juu, kipande cha tatu na cha nne kutoka kushoto, vina alama ya rangi nyeupe niliyoiweka mimi. Viinue polepole, upande huu kidogo, upande ule kidogo, kama unavyotoa mwiba wa samaki kwenye koo la mtoto. Tia vipya, kikato kidogo kielekee nyuma. Halafu swichi ya tano, isukume juu. Hapo mashine itakuwa na sauti yake.

Sasa unaweza kuandika orodha ya majina elfu moja, ukipenda.

Nitaendelea kuandika hata usipojibu. Niambie tu wagonjwa wanaendeleaje. Na mama Odile.

Mdogo wako,
Émile


Kisangani, 12 mwezi wa kumi 1988

Semeki Émile,

Barua yako ya vipande ilifika juma lililopita. Ulimuandikia mutu mwenye alikuwa na siku tisa ndani ya udongo. Hilaire alikufa tarehe 11 mwezi wa tisa, asubuhi, nikiwa namuosha miguu. Tulimuzika Yanonge, pembeni ya papa yenu. Tonton Henri alisali.

Nitakuambia yote moja kwa moja, kisha nimalize.

Barua yako ya mwezi wa sita nilipata. Karatasi ya wakubwa sikupeleka kwanza, nilipelekea yeye, juu ya sababu ni bwana yangu na wewe ni mudogo yake. Niliificha ndani ya majani ya kufungia kwanga ya muhogo. Alisoma polepole. Kisha akaniomba nimusomee tena kwa sauti ya chini, juu macho ilikuwa inamuuma. Nilipomaliza, alitazama vidole vyake, akasema, "Kumbe si mimi." Alisema mara mbili. Toka walimuchukua sikukuwa nimeona uso wake hivyo. Hiyo ulimupa, na mimi siwezi kusema hukumupa.

Nilifikiri sasa ataniambia peleka karatasi. Akauliza, "Mutoto wa Émile iko na miezi ngapi?" Nikasema, inakaribia mbili. Alichukua ile yenye jina yako yote, akaipasua vipande vidogo, akatia ndani ya mboga ya pondu, akakoroga na kidole, akakula. Mulinzi alikuwa anatazama barabara. Akasema, "Mutu mumoja ndani inatosha." Akanikataza kukuandikia, hata mustari. Alisema ukisikia utapanda boti, na ku bandari watauliza jina.

Nilimukasirikia. Njiani ya kurudi nililia, na ilikuwa hasira. Mimi na watoto hatukuulizwa.

Walimuachilia tarehe 20 mwezi wa nane, juu alikuwa anaharisha damu na hawakutaka afie kwao. Daktari Léon alikuja kila siku, alileta serum, yale maji ya mushipa, hakuweza kututazama. Hilaire alikuwa muepesi kama mutoto wa miaka kumi.

Usifikiri hakukukasirikia. Siku moja alikunywa uji kidogo, akasema, "Angeniambia mwezi wa pili. Neno moja tu. Ningecheka, ningefungua ile sanduku, tungemaliza. Aliogopa nini kwangu, Marthe? Siku gani nilimupiga?" Alirudilia ile swali mpaka akachoka. Kesho yake akasema nisikuambie kama aliuliza. Nimekuambia. Yeye alificha kwa ajili yako, wewe ulimuficha ile ya kweli, na mimi ndiyo nimebaki na kila kitu ndani ya mikono.

Citoyen Loyibi walishamuhamisha ku Région ingine siku kumi nyuma ya maziko. Yule mupya hajui ile mambo. Hakuna mutu anauliza tena. Ku ofisi walisharudi ku daftari. Mama Odile wa Opala alirudi kulala, juu miezi ile mitatu ya Hilaire kuwa ndani hakuna mutu alienda kumuangalia. Wamemuleta hapa, hajui watoto wake. Vipande vyako nimemupa Célestin. Atafanya vile anajua. Mimi sitaki kusikia kama mashine imepona.

Lakini watoto wananiuliza papa yao alifanya nini. Mukubwa alipigana ku masomo juu ya ile neno, sabotage. Siwezi kuwajibu bila kutaja jina yako, na sitaki kutaja jina yako kama wewe hauko mbele yao. Sitafanya hiyo kazi kwa mahali pako.

Kuja. Uikale na wao, useme na kinywa yako, watazame uso yako wakati unasema. Kama watakuchukia ni wao. Kama hawatakuchukia ni wao.

Barua ingine sitafungua. Mulango nitafungua.

Marthe